KUJUA FAIDA YA KWELI: mashauri kwa watu wanaopeleka unga katika miji ya machimbo

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya pande za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, mnajua sana njia ya kinga. Mbele ya jua kutoka, watu wanapita na mifuko ya unga, wanasukuma kinga zao kwenye vilima, jasho likiwatoka. Katika miji ya machimbo watu wengi hawana shamba, lakini kila siku wanakula bukari. Kwa hiyo soko lipo.

Lakini tazameni jambo hili. Mtu anafanya safari mwaka mzima, na kila mara anauza. Mwisho wa mwaka kinga imekufa, feza ya masomo ya mtoto haipo, na feza ya kununua mzigo mwingine haipo vilevile. Anasema: «Soko ni baya.» Ao anasema: «Kuna mtu ananionea wivu.» Pengine soko ni baya kweli. Lakini mara nyingi mtu huyu alipata hasara tangu siku nyingi, naye hakujua, maana hakuhesabu.

Hesabu si kazi ya makarani peke yao. Mtu anayejua kuongeza na kupunguza anaweza kuifanya. Bei tutakazosema hapa ni za mfano tu. Wewe utaweka bei za soko lako.

1. Feza uliyopokea si faida

Tuseme mtu amenunua kilo 100 za mahindi, kila kilo faranga 600. Ametoa faranga 60,000. Amesaga, amepakia kinga, amekwenda mjini. Mahindi yakipepetwa na kusagwa, nayo yakimwagika kidogo, hayabaki kilo 100. Tuseme zimebaki kilo 95 za unga. Ameuza kila kilo faranga 1,000, akapata faranga 95,000.

Anarudi nyumbani na furaha. Anasema: «Nilinunua kwa 60,000, nimeuza kwa 95,000. Faida ni 35,000.» Basi ananunua nyama, anawapa rafiki zake pombe.

Lakini amesahau vitu vingi. Tuviandike vyote:

Mahindi: 60,000
Kusaga: 8,000
Mifuko miwili: 2,000
Bariyeri na ushuru wa soko: 4,000
Chakula cha njiani na mahali pa kulala: 6,000
Jumla: 80,000

Toa 80,000 katika 95,000. Zinabaki 15,000. Faida aliyoisema haikuwa kweli. Zile 20,000 nyingine zilitoka mkononi mwake kidogo kidogo, na kwa sababu zilitoka kidogo kidogo hakuziona.

Wewe unayelima mwenyewe, usiseme: «Mahindi yangu ni ya bure, sikuyanunua.» Ulilima, ulipalilia, ulinunua mbegu. Tena mchuuzi akipita mlangoni pako na kukupa faranga 600 kwa kilo, mahindi yako yana bei hiyo hapo hapo. Kama unga wako mjini haukuletei zaidi ya bei ya mlangoni pamoja na gharama za njia, umejichosha bure. Ilikuwa afazali kumwuzia mchuuzi na kurudi shambani.

2. Kinga nayo inakula

Kinga haiombi chakula kila jioni kama mtoto, kwa hiyo watu wanafikiri haili. Inakula. Tuseme uliinunua kwa faranga 240,000, na katika njia yetu ya mawe inadumu miezi 24. Gawanya 240,000 kwa 24: kila mwezi kinga inakula 10,000 ya bei yake. Ongeza mipira, cheni na kazi ya fundi, tuseme 6,000 kwa mwezi. Jumla ni 16,000. Kama unafanya safari 4 kwa mwezi, kila safari inalipa kinga 4,000.

Sasa katika zile 15,000 toa 4,000. Zinabaki 11,000.

Hizi 10,000 za kila mwezi hakuna mtu anayekuja kuzidai. Ndiyo maana zinaliwa nyumbani. Kisha siku kinga inapovunjika, mwenyewe anakaa chini na kushika kichwa.

Hata kampuni kubwa inaanguka kwa njia hii. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka. Mwaka 1994 haikufikia tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi, pamoja na mgodi wa Kamoto uliobomoka mwaka 1990 na fujo za nchi za miaka ile. Lakini sababu moja kubwa ilikuwa hii: kwa muda mrefu feza ilitolewa kwa mambo mengine, na mashini zilizochakaa hazikupata nyingine mahali pao. Wengi wenu mlisikia kwa wazazi wenu mishahara ilivyochelewa na jinsi watu walivyorudi kulima. Basi usifanye kinga yako yaliyofanyiwa mashini zile.

3. Siku zako zina bei

Safari ya mfano wetu inachukua siku 3. Kama siku zile ungeweza kufanya kazi ya kibarua kwa 3,000 kwa siku, ungepata 9,000. Safari inakuachia 11,000. Basi safari imekuzidishia 2,000 tu juu ya kazi ya kibarua. Si neno baya, kama kibarua hakipatikani. Lakini wakati wa kupalilia, mwezi wa 12 na wa 1, siku 3 mbali na shamba ni majani yanayomeza mahindi yako. Wakati ule bei ya siku zako imepanda. Fikiri mbele ya kufunga mzigo.

4. Safari ngapi zinatosha?

Gharama ni za namna mbili. Kuna zinazofuata mzigo: mahindi, kusaga, ushuru, chakula cha njiani. Usiposafiri, hazipo. Kuna nyingine zinazokuja hata ukilala nyumbani: ndizo zile 16,000 za kinga kila mwezi, kama kinga ni ya kazi hii.

Kila safari inaacha 15,000 mbele ya kulipa kinga. Basi hesabu ya mwezi ni hii:

Safari 1: 15,000, toa 16,000. Hasara 1,000.
Safari 2: 30,000, toa 16,000. Zinabaki 14,000.
Safari 4: 60,000, toa 16,000. Zinabaki 44,000.

Umeona? Safari ya kwanza ya mwezi ni ya kulisha kinga tu. Mtu anayesafiri mara moja kwa mwezi, heri apange kinga ya jirani kuliko kununua yake. Na majirani wawili wasio na safari nyingi wanaweza kununua kinga moja pamoja, kila mtu na juma lake, lakini wapatane kwanza nani atalipa fundi.

5. Jioni sokoni

Jua linashuka. Umebaki na kilo 20 za unga. Mama mmoja anakuja, anasema: «Nitachukua zote, faranga 820 kwa kilo.» Wewe unahesabu: 80,000 kugawanya kwa kilo 95, kila kilo imekugharimu karibu 842. Unakasirika, unakataa, unalala mjini.

Ulikosa. Feza uliyokwisha kutoa imekwenda, hairudi kwa hasira. Jiulize neno moja tu: toka sasa, njia ipi italeta zaidi? Ukiuza jioni hii, 20 mara 820 ni 16,400, na kesho asubuhi uko njiani. Ukilala, kesho utauza kwa 1,000 na kupata 20,000, lakini chakula na mahali pa kulala ni 4,000. Zinabaki 16,000, na siku nzima imepotea. Tena nani amekuahidi kwamba kesho bei itakuwa 1,000?

Lakini sikia vizuri. Ile 842 inakufundisha kama inafaa kusafiri tena. Kama kila safari unamaliza chini yake, acha safari hizo. Mzigo ukiwa umekwisha kufika sokoni, hapo hesabu ni nyingine.

6. Deni

Rafiki anasema: «Nipe kilo 10, nitalipa mwisho wa mwezi.» Kilo 10 ni 10,000. Faida yako ya safari, ukiisha kulipa kinga, ni 11,000. Asipolipa, umebaki na 1,000 kwa siku 3 za jasho. Ukikopesha watu wawili wasiolipa, umewalipa wewe ili wale unga wako.

Usikatae kila mtu, maana mnunuzi mwema anayelipa sawasawa ni mali. Lakini andika jina, kilo na siku ya kulipa, mbele yake. Asiyelipa deni la kwanza, asipate la pili. Na deni lisiloandikwa ni chanzo cha ugomvi.

7. Kuuza sasa ao kuweka gala?

Mahindi yaliyopandwa mwanzo wa mvua tunayavuna mwezi wa 4 mpaka wa 6. Wakati ule kila mtu anauza, na bei inaanguka. Mwezi wa 1 na wa 2 gala za wengi ni tupu, na bei inapanda. Je, ni vizuri kungoja? Hesabu kwanza.

Kilo 100 ukiuza sasa kwa 600: faranga 60,000. Ukiweka mpaka mwezi wa 1, tuseme wadudu na panya wanakula kilo 10. Zinabaki 90. Kwa bei ya 1,000 ni 90,000. Toa 8,000 za mifuko na dawa ya gala. Zinabaki 82,000. Kungoja kumekuletea 22,000.

Lakini kama umeweka mahindi, kisha ukakopa 60,000 za masomo na kurudisha 90,000, deni limekula 30,000. Umepoteza 8,000 pamoja na gala yako nzuri. Basi njia ya akili ni hii: uza sasa mahindi yanayotosha kwa mahitaji ya lazima, na mengine uyaweke. Weka makavu tu: punje iliyokauka inavunjika kwa meno kwa sauti, isiyokauka inabonyea. Na yale ya kula nyumbani na ya mbegu, tenga mbele ya kuuza hata kilo moja.

8. Feza inapopoteza nguvu

Wazee wanakumbuka. Mwezi wa 10 wa mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua mahali pa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 faranga ilirudi, na faranga 1 ilichukua mahali pa zaire mpya 100,000. Aliyeficha makaratasi chini ya kitanda alibaki na makaratasi.

Kwa hiyo usihesabu faida kwa bei ya zamani. Umerudi na 95,000, lakini mahindi yamepanda, sasa kilo ni 700. Mzigo mpya ni 70,000 badala ya 60,000. Ukila faida ya 11,000 yote, utakosa 10,000 za kujaza mfuko, na safari ijayo utapakia mzigo mdogo, inayofuata mdogo zaidi, mpaka kwisha. Faida inaanza tu wakati mzigo mpya kama ule wa kwanza umekwisha kupatikana.

9. Kaye moja na mikebe mitatu

Nunua kaye ya shule. Katika kila ukurasa piga mistari upate sehemu nne: siku, kitu, feza iliyoingia, feza iliyotoka. Andika jioni ile ile, maana asubuhi umesahau. Unga uliobaki nyumbani kwa kula, andika nao kwa bei yake. Ukurasa wa mwisho ni wa madeni.

Kisha tafuta mikebe mitatu. Wa kwanza ni wa mzigo: feza ya kununua mahindi na ya njia. Wa pili ni wa kinga: 4,000 kila safari. Wa tatu ni wa nyumba: kinachobaki. Nyumba isiingie katika mkebe wa mzigo. Kama ugonjwa umekuja na hapana njia nyingine, chukua, lakini andika kama deni, na ulirudishe.

Mume na mke wahesabu pamoja. Mara nyingi mke ndiye anayepepeta, ndiye anayeuza, ndiye anayejua bei. Mume anayemficha mke hesabu amejificha mwenyewe.

Mashauri ya kushika

Andika kila feza inayotoka, hata ndogo.
Mahindi ya shamba lako yana bei.
Lisha kinga mbele ya kujilisha faida.
Sokoni, hesabu toka sasa kwenda mbele.
Deni liandikwe ao lisitolewe.
Rudisha mzigo kwanza, kisha ule.

Anza na safari moja, ile ya juma hili. Iandike yote, toka kununua mpaka kurudi, ukae na mke wako ao mume wako mbele ya kaye. Kama hesabu inasema faida, endelea. Kama inasema hasara, usiikasirikie. Imekuambia mapema, wakati mzigo ungali wako.