Kundi la ndege nyuki

Kundi la ndege nyuki (pia: kundi la droni) ni droni nyingi zinazoruka pamoja na kupashana habari zenyewe kwa zenyewe ili kutimiza kazi moja. Jeshini hutumika kupeleleza, kuvuruga rada au kushambulia. Droni mia zinazorushwa kwa pamoja bila kuwasiliana si kundi kwa maana hii.

Historia

Mwezi Oktoba 2016 Marekani ilijaribu droni 103 za aina ya Perdix huko China Lake, California. Zilidondoshwa kutoka ndege tatu za kivita, zikajipanga zenyewe angani.

Katika Afrika Mashariki na Kati, droni za kwanza za upelelezi za Umoja wa Mataifa, zisizo na silaha, zilizinduliwa Goma mwezi Desemba 2013 chini ya MONUSCO. Brigedi ya kuingilia kati ya ujumbe huo ilikuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Droni hizo ziliongozwa na watu waliokaa ardhini. Utaratibu huo ni mgumu kwa droni mia kwa wakati mmoja.

Changamoto kwa makamanda

Muda: Kutoka mji wa Kibaha hadi Kisarawe, mkoani Pwani, ni zaidi kidogo ya kilomita 20 kwa mstari ulionyooka. Droni yenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa hufika kwa chini ya robo saa. Katika muda huo kamanda wa ulinzi hupaswa kuzitambua, kukadiria idadi yake na kuamua la kufanya.

Mawasiliano: Vilima, kama vile vya Pugu, huweza kuzuia mawimbi ya redio, na adui huweza kuyavuruga. Kamanda anayeshambulia hulazimika kuamua mapema droni zifanye nini zikipoteza mawasiliano naye: zirudi, zitue au ziendelee.

Gharama: Kombora la kutungulia droni moja huweza kuwa ghali kuliko droni yenyewe, na akiba ya makombora huisha upesi.

Uwajibikaji: Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 kwenye Mikataba ya Geneva inataka raia watofautishwe na wapiganaji. Mashine haishtakiwi mahakamani. Kwa hiyo kamanda hawezi kujitetea kwamba kundi liliamua lenyewe, hata kama hakuchagua kila shabaha.