Wenye nyayo za Laetoli walidumu kuliko sisi

Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, watafiti walioongozwa na Mary Leakey walifukua nyayo zilizokanyagwa miaka milioni 3.66 iliyopita. Volkano ilikuwa imemwaga majivu, mvua ikayalowesha, kisha viumbe wachache wakapita juu yake kwa miguu miwili, wakitanguliza kisigino, kidole gumba kimeelekea mbele kama chetu. Majivu yakakauka, mengine yakaja kuyafunika, na safari ile fupi ikahifadhika.

Tumezoea kuambiwa kwamba pale ndipo ilipoanzia safari yetu. Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana: waliopita pale walikwisha kutoweka. Wataalamu huwaita Australopithecus afarensis, na waliishi Afrika Mashariki kwa takribani miaka 900,000. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai Julai 1959, ni la jamii nyingine iliyodumu karibu miaka milioni moja. Homo erectus alikaribia milioni mbili. Sisi, tukihesabu tangu mifupa ya kale kabisa inayojulikana, ile ya Jebel Irhoud nchini Morocco, tuna miaka kama 300,000. Tumetimiza theluthi moja tu ya umri wa wale wa Laetoli, na tayari tunajiona wenyeji wa kudumu.

Kwa hiyo swali la kama binadamu atadumu, ardhi yetu imekwisha kulijibu mara kadhaa kwa jamii zilizofanana nasi, na kila mara jibu lilikuwa hapana. Nalichukulia swali hili kwa uzito wote kwa sababu hiyo.

Wanaolizungumzia hupenda kuanza na Jua. Lina miaka bilioni 4.6, na mwanga wake huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kila miaka bilioni moja. Ongezeko hilo linaonekana dogo, lakini wanasayansi wanakadiria kwamba baada ya miaka bilioni moja hivi joto litatosha kukausha bahari. Baada ya bilioni tano Jua lenyewe litavimba na kuwa nyota kubwa nyekundu. Wapo wanaozisikia hesabu hizi wakakata tamaa, wakauliza kuna faida gani ya kujenga chochote. Mimi hunipa moyo. Miaka bilioni moja ni zaidi ya mara 3,000 ya muda wote ambao aina yetu imekuwapo. Muda tunao tele. La kutia hofu ni karne hizi chache zilizo mbele yetu, maana tunaingia humo na uwezo ambao hakuna jamii iliyotangulia iliyowahi kuwa nao, wa kuokoa na wa kuangamiza.

Usiku wa Septemba 26, 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari karibu na Moscow. Mitambo ikamwambia kwamba Marekani imerusha kombora moja, kisha mengine manne. Petrov alifikiri: nani angeanzisha vita vya nyuklia kwa makombora matano? Akatoa taarifa kwamba mitambo imekosea. Baadaye ikaonekana kwamba setilaiti zilikuwa zimedanganywa na mwanga wa Jua uliogonga mawingu. Siku ile watu wengi waliamka wakaenda kazini bila kujua kilichowapitia. Leo dunia bado ina vichwa vya nyuklia takribani 12,000. Toby Ord, mwanafalsafa wa Oxford, katika kitabu chake cha mwaka 2020 alikisia kwamba uwezekano wa binadamu kupatwa na maangamizi yasiyorekebishika karne hii ni mmoja kati ya sita, na karibu wote unatokana na mikono yetu wenyewe. Hayo ni makisio, naye mwenyewe anasema hivyo, lakini hata yakipunguzwa mara kumi hakuna mzazi ambaye angempandisha mwanawe basi lenye hatari ya namna hiyo.

Miaka 39 baada ya usiku ule wa Petrov, tarehe ileile kwa saa za Marekani, chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi asteroidi Dimorphos, jiwe lenye upana wa meta 160 hivi, kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 22,000 kwa saa. Dimorphos huizunguka asteroidi kubwa zaidi, na ilikuwa ikichukua saa 11 na dakika 55 kumaliza mzunguko mmoja. Baada ya kugongwa, mzunguko ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Kwa mara ya kwanza viumbe wa dunia hii walibadili kwa kusudi njia ya gimba la angani. Dinosaria walitawala kwa zaidi ya miaka milioni 150, na jiwe la kilometa kama kumi lilipoanguka Chicxulub, Mexico, miaka milioni 66 iliyopita, hawakuwa na cha kufanya. Sisi sasa tunacho, angalau kwa mawe madogo, ilimradi tuyaone mapema. Hapo ndipo penye upungufu. Kimondo kilichopasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, Februari 15, 2013, kilijeruhi watu wapatao 1,500, wengi kwa vioo vya madirisha, na hakuna aliyekiona kikija, kwa kuwa kilitokea upande wa Jua.

Afrika haimo pembeni mwa habari hii. Asteroidi 2024 YR4, iliyogunduliwa Desemba 2024, kwa wiki chache ilikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 3 wa kuigonga Dunia mwaka 2032, na ukanda ambamo ingeweza kuanguka ulipita katika bara letu. Vipimo zaidi vikaondoa hofu hiyo. Kwa upande wa silaha tulikwisha kutangulia: Mkataba wa Pelindaba, uliosainiwa Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009, umelifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ni hatua ya kujivunia, na nashangaa jinsi inavyotajwa kwa nadra madarasani. Katika kulinda anga, Afrika Kusini ina darubini ya mtandao wa ATLAS huko Sutherland, mojawapo ya zile zinazokagua anga kila usiku usio na mawingu. Afrika Mashariki, penye anga la ikweta linaloonyesha kusini na kaskazini kwa pamoja, ingefaa kuwa na ya kwake.

Fursa ya kuwavuta vijana kwenye kazi hii ipo, na tarehe yake inajulikana. Ijumaa, Aprili 13, 2029, asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya meta 300, itapita kilometa 32,000 hivi kutoka uso wa Dunia, karibu kuliko baadhi ya setilaiti zetu za mawasiliano. Haitatugonga, hilo limethibitishwa. Itavuka Bahari ya Hindi, ipite ikweta juu ya Afrika, na kufikia ukaribu wake wa mwisho juu ya Atlantiki muda mfupi kabla ya saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa saa za Afrika Mashariki. Itaonekana kwa macho matupu kama nyota inayotembea. Aprili ni masika, na mawingu yanaweza kutunyima, kwa hiyo walimu wa sayansi wasitegemee usiku huo mmoja: waanze mapema kuwafundisha wanafunzi kusoma anga na kutumia darubini ndogo, ili Apophis itakapofika iwakute wakijua wanachokitazama.