Rweya ya Kijiji Iandikwe Kabla Haijaisha

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ardhi ni ya namna mbili, na hata mtoto huzitofautisha kwa jicho. Kuna kibanja, shamba la nyumbani lenye migomba, mibuni na maharage chini yake, ambalo udongo wake ni mweusi na laini kwa kuwa umelishwa samadi na majani vizazi kwa vizazi. Kisha kuna rweya, nyasi za vilimani na miteremkoni zinazoanza pale vibanja vinapokoma. Udongo wake ni mwepesi, mara nyingi wa mawe, na ukilimwa misimu miwili unachoka. Kibanja kina mwenyewe, na mpaka wake umeoteshwa milamula ambayo jirani hathubutu kuing'oa. Rweya ni ya wote. Huko ng'ombe na mbuzi huchungwa, huko hukatwa nyasi za kuezekea na za kutandazia shambani, na chini ya miteremko yake ndipo zilipo chemchemi zinazotekwa maji na kaya nyingi. Kwa kuwa ni ya wote, wengi wamekuja kudhani kwamba haina mwenyewe, na dhana hiyo ndiyo inayoimaliza.

Mgeni akiiona rweya husema ni ardhi iliyolala. Mkulima anajua kwamba kibanja kinaishi kwa rweya. Nyasi zilizokatwa kilimani hubebwa kwa matita hadi kwenye migomba, zikatandazwa nene katikati ya mashina. Hapo huzuia magugu, hukinga udongo dhidi ya matone mazito ya masika, hutunza unyevu wakati wa kiangazi, na zikioza huwa mbolea. Ng'ombe naye hula kilimani mchana, na samadi anayoiacha zizini usiku hupelekwa kibanjani. Kwa njia hizo mbili rutuba ya kilimani imekuwa ikihamia kibanjani kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya ukoo wowote. Rweya ikitoweka, migomba haifi mwaka huohuo. Mikungu hupungua kidogo kidogo, buni hupungua uzito, na mwenye shamba huanza kulaumu mbegu au ugonjwa wakati kinachokosekana ni majani. Ndiyo maana katika wilaya hizi uhifadhi wa ardhi ya kijiji ni suala la chakula kwanza, kisha la miti na wanyama. Hoja yangu ni moja: vijiji vyenyewe vitenge rweya, chemchemi, misitu ya mabondeni na kingo za mabwawa zilizobaki kuwa hifadhi ya kudumu, kwa maandishi ya kisheria, na vifanye hivyo vikiwa wenye mali badala ya kungoja mtu mwingine aje kuvihifadhia.

Ardhi hii imepungua kwa sababu zinazoeleweka, na si haki kumlaumu mkulima peke yake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na nyarubanja, mfumo uliomfanya mkulima kuwa mpangaji katika ardhi ya wakubwa, ukafutwa kwa sheria ya mwaka 1965. Yote mawili yalikuwa ya haki. Lakini pamoja na wakubwa iliondoka pia mamlaka ya kuamua nani afungue shamba kilimani na nyasi zichomwe lini, na pengo hilo halikuzibwa kwa uwazi. Kisha watu wakaongezeka. Sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya 420,000 katika Karagwe, iliyokuwa bado na Kyerwa ndani yake; miaka kumi baadaye, Kyerwa ilipokuwa wilaya inayojitegemea, jumla ya wilaya zote mbili ilipita 650,000. Katikati ya safari hiyo ilikuja 1994, Rwanda ilipowaka na wakimbizi wakavuka Mto Kagera na kupiga kambi Ngara na Karagwe, hadi wengi waliporudishwa Desemba 1996. Watu wale walihitaji kuni na nguzo kila siku, na miti ya kuzunguka kambi ndiyo iliyobeba mzigo huo.

Sababu nyingine ni ya kimyakimya, nayo huja ikiwa imevaa sura ya wema. Mtu anapanda mikaratusi au misonobari kwenye rweya. Hakatazwi, maana kupanda miti husifiwa kila mahali. Baada ya miaka michache miti ile inakuwa ushahidi kwamba mahali pale ni pake, na waliokuwa wakikata nyasi hapo wanafukuzwa. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi huinyonya maji, na chini yake nyasi za kutandazia hazioti vizuri. Ardhi ya wote huweza kumegwa yote kwa namna hii bila mkutano hata mmoja kukaa na kuamua. Napenda miti, na kila kaya inahitaji kuni na mbao. Ila mti wa mtu mmoja juu ya ardhi ya watu mia tano haupaswi kuitwa uhifadhi.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na wenye vijiji wanapaswa kuijua kuliko wageni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: inayotumiwa na wote, inayomilikiwa na mtu au familia, na ya akiba itakayogawiwa baadaye. Halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya 2002, inakipa kijiji uwezo wa kutangaza msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kuwa na mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya, na kubaki na mapato na faini zake. Lakini sheria pacha ya mwaka huohuo wa 1999, Sheria ya Ardhi Namba 4, ina kifungu kinachopaswa kumwamsha kila mwanakijiji: katika kueleza ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, inahesabu humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Rweya isiyoandikwa popote, yenye nyasi tu, ni rahisi sana kwa mtu wa mbali kuiita isiyotumika. Ikishaingizwa katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, ikachorwa kwenye ramani na kutajwa kwamba ni hifadhi ya malisho, nyasi na maji, ina matumizi yanayojulikana na mwenyewe anayejulikana.

Wapo watakaouliza kama kuna kitu chochote cha kudumu katika ardhi. Swali ni zuri, na jibu lake liko ng'ambo ya mto. Hifadhi ya Taifa ya Akagera ya Rwanda, inayopakana na wilaya hizi, ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1934. Mwaka 1997, maelfu ya Wanyarwanda walipokuwa wamerejea nyumbani, baadhi yao wakitokea Karagwe, sehemu kubwa ya hifadhi ilimegwa ili wapate makazi, na zikabaki takriban kilomita za mraba 1,100, chini ya nusu ya eneo la mwanzo. Hapa kwetu, Januari 2019, Rais Magufuli alisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, na kamati ya mawaziri wanane ikapewa kazi ya kupitia migogoro hiyo; hatimaye vijiji 920 kati ya 975 viliruhusiwa kubaki. Silaumu maamuzi hayo, kwa kuwa watu lazima wakae mahali. Yanaonyesha tu kwamba tangazo la serikali peke yake halifanyi ardhi idumu. Mstari uliochorwa na watu wa mbali juu ya ardhi ambayo majirani hawaoni faida yake utafutwa siku shida ikija.

Linganisha na Duru-Haitemba, Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa katika harakati za kuufanya msitu ule wa miombo wa takriban hekta 9,000 kuwa hifadhi ya serikali. Wanakijiji walipohisi kwamba unaondoka mikononi mwao, ukataji uliongezeka. Kati ya 1994 na 1995 uamuzi ukageuzwa: vijiji 8 vilivyouzunguka vikatambuliwa kuwa wenye msitu, kila kimoja kikaweka mipaka ya sehemu yake, sheria ndogo na walinzi wake. Ukataji holela ukashuka kwa kiasi ambacho walinzi wa serikali hawakuwa wamekifikia. Shinyanga nako, mradi wa hifadhi ya ardhi uitwao HASHI, ulioanza 1986, ulijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Kutoka hekta chache zilizokuwa zimebaki, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna aliyewafundisha Wasukuma ngitili. Walichopewa ni heshima ya kuachiwa waamue. Rweya na ngitili ni ndugu, na kilichofanyika katika nchi kame kuliko Kagera hakiwezi kushindikana kwenye vilima vyenye misimu miwili ya mvua.

Pingamizi zito kuliko yote ni la vijana. Kijana wa Nkwenda au Kayanga aliyerithi robo eka ana haki ya kuuliza kwa nini kilima kizima kitengwe wakati yeye hana pa kulima. Namjibu kwa udongo wenyewe. Rweya ikigawiwa, atapata kipande kitakachomlisha misimu michache ya mihogo, kisha kitachoka, maana hakutakuwa tena na rweya nyingine ya kukirutubisha. Wakati huohuo robo eka ya baba yake itakuwa imekosa majani na samadi. Atakuwa na eka nyingi zaidi na chakula kidogo zaidi. Hata hivyo, si haki kumwambia avumilie tu. Kijiji kinachotenga ardhi kina wajibu wa kwanza kuainisha ile ya akiba inayofaa kilimo na kuigawa kwa vijana kwa uwazi, na wa pili kuifanya hifadhi iwape kazi: mizinga ya nyuki, nyasi za kuuza, vitalu vya miche, ulinzi wenye posho. Huko Katavi, vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vinalipwa kwa biashara ya kaboni kwa kuacha misitu yao isimame, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Vilima vya nyasi vya Kagera havina hazina ya kaboni kama misitu ile, kwa hiyo asije mtu akawaahidi wanakijiji mabilioni.

Pingamizi la pili ni hofu, nayo ina msingi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Wanaoishi jirani nazo wakisikia neno hifadhi wanasikia kufukuzwa. Tofauti isemwe wazi mbele ya mkutano: hifadhi ya taifa ni ardhi ya hifadhi, na kijiji hakina kauli ndani yake; hifadhi ya kijiji inabaki ardhi ya kijiji, na wanakijiji ndio wanaoamua nani akate nyasi, mwezi gani, na ng'ombe waingie upande upi. Ni kweli kwamba Rais ana uwezo kisheria wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, na kwamba kanuni za uvunaji wa mazao ya misitu za 2019, Tangazo la Serikali Namba 417, zilirudisha sehemu ya maamuzi mikononi mwa kamati za wilaya. Kutenga hakuondoi uwezo huo. Ila kijiji chenye ramani, rejista na sheria ndogo kinaingia katika mazungumzo ya fidia kikiwa na ushahidi, na kisicho navyo kinaingia na maneno matupu.

Hatari ninayoiogopa zaidi iko ndani ya kijiji chenyewe. Mwenyekiti na wajumbe wachache wanaweza kuuza kilima kwa muhuri mmoja, na wenye ng'ombe wengi wanaweza kuigeuza hifadhi ya wote kuwa malisho yao. Kwa hiyo mipaka itembelewe kwa miguu na wazee, wanawake na vijana pamoja, vijiji jirani vikiwapo, kisha ioteshwe milamula na kuwekewa alama za kudumu. Wanawake wapewe nafasi halisi katika kamati ya maliasili, kwa sababu wao ndio wanaobeba matita na madumu, nao ndio wa kwanza kujua nyasi au maji yanapopungua. Wafugaji waandikiwe haki yao ya msimu badala ya kufukuzwa kimyakimya. Mapato na faini zisomwe hadharani.

Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Kama unaishi Karagwe au Kyerwa, nenda kwenye ule unaofuata na uombe mambo mawili yaandikwe katika muhtasari: rejista ya ardhi ya wote isomwe, na rweya na chemchemi zilizobaki zitajwe kwa majina na mipaka yake. Ikiwa rejista haipo, mkutano huohuo una mamlaka ya kuagiza ianze siku hiyo.