Nyumba ya Jumanne ya Kwanza

Simu hupigwa Jumatatu jioni. "Dada, kesho kaunti inapiga mnada nyumba kwa dola elfu sitini, na ya jirani imeuzwa laki mbili na nusu. Nipeleke." Nikisikia neno "kesho" najua usiku huo sitalala mapema.

Mimi ni wakala wa nyumba Dallas, Texas, na wateja wangu wengi ni wa lugha yetu: Wakongomani waliofika kama wakimbizi, wauguzi kutoka Kenya, Watanzania wanaoendesha malori. Watu wakiniuliza mteja mgumu ni yupi, hutarajia nimtaje anayefoka. Anayefoka hanisumbui, atapoa. Anayenichosha ni yule aliyekwisha kuipenda bei. Huyo hata ukimwonyesha ufa ukutani atakwambia ni kivuli.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Shule, kaunti na miji hutegemea sana kodi ya majengo, na kodi hiyo ni nzito. Mwisho wa kuilipa ni tarehe 31 Januari. Kuanzia Februari mosi ni deni lenye faini na riba. Likikaa, kaunti huenda mahakamani, na hukumu ikishatoka nyumba huuzwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Kwetu Tanzania, tangu 2021, kodi ya jengo hukatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa hiyo aliyekulia huko haamini kwamba nyumba aliyomaliza mkopo wake inaweza kumponyoka kwa sababu ya kodi. Tena aliyemaliza mkopo ndiye aliye hatarini zaidi. Wakati wa mkopo, mara nyingi benki hukusanya kodi pamoja na rejesho na kuilipa yenyewe. Mkopo ukiisha, bili inakuja kwako. Na nyumba ya urithi je, baba amefariki, watoto watano wako miji mitano? Bili inaendelea kwenda kwa marehemu.

Mnada wenyewe hauna mbwembwe. Hufanyika mahakama ya kaunti, ingawa kaunti nyingine siku hizi huuza mtandaoni. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ofisa anasoma namba ya kesi, anwani na bei ya kuanzia. Hakuna aliyekufungulia mlango. Hujui kama dari limeoza, au kama kuna bibi anachemsha chai jikoni saa hiyohiyo. Ukishinda unalipa fedha yote, si kwa mkopo wa nyumba, na katika kaunti kubwa hupewi hati mpaka uwe na karatasi inayothibitisha kwamba wewe mwenyewe hudaiwi kodi. Hati yenyewe haina dhamana: unapewa haki aliyokuwa nayo mdaiwa, pamoja na kasoro zake. Waliomo ndani utahangaika nao wewe, kwa njia ya mahakama.

Halafu kuna jambo ambalo wateja wangu hulisikia kwa sikio moja, nalo ni muda wa kukomboa. Sheria ya Texas inampa mwenye nyumba nafasi ya kurudi na fedha na kuichukua nyumba yake. Kama ilikuwa makazi yake mwenyewe, au shamba, ana miaka miwili. Kwa nyumba nyingine, kama ile ya kupangisha, ana siku 180. Na muda huo hauhesabiwi tangu siku ya mnada, bali tangu hati ya mnunuzi iliposajiliwa kaunti. Anayekomboa katika mwaka wa kwanza anakurudishia ulichotoa na asilimia 25 juu yake. Katika mwaka wa pili, asilimia 50.

"Asilimia 25? Hiyo ni biashara, dada!"

Ni biashara kweli, kwa anayejua kukaa kimya. Kaka mmoja hakukaa. Alinunua nyumba peke yake, bila mimi, tuseme kwa hizo dola elfu sitini, na wiki iliyofuata fundi alikuwa ndani: makabati mapya, marumaru, meza ya jikoni ya graniti. Elfu arobaini zikaenda. Aliponipigia alitaka niitangaze sokoni, na sharti lake lilikuwa moja: "Usiwaambie habari za mnada."

Hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu. Siwezi kuficha, leseni yangu inanibana niseme ninachokijua. Na hata ningetaka kuficha, kampuni ya bima ya hati, ile inayomkinga mnunuzi na kasoro za umiliki, ikianza tu kuipekua historia ya nyumba itaikuta hukumu ya kodi. Mnunuzi wa kawaida anatumia mkopo, benki inadai bima ya hati, na kampuni za bima huogopa hati ya mnada ambayo muda wake wa kukomboa haujaisha. Nikamweleza kaka: huna cha kuuza bado. Akanijibu kwamba mawakala wa Kizungu wasingemwambia hivyo. Nilinyamaza.

Mwezi wa saba baada ya mnada, muda wa kukomboa ukiwa haujaisha, binti wa mwenye nyumba alitokea na fedha. Kwa hesabu nyepesi, elfu sitini na asilimia 25 ni elfu sabini na tano, pamoja na kodi na gharama alizolipa kaka kwa mujibu wa sheria. Lakini gharama zinazorudishwa ni za kuitunza nyumba, kama bima, au matengenezo yanayolazimishwa na kanuni za mji. Graniti haimo. Faida ilikuwa elfu kumi na tano, ukarabati elfu arobaini.

Woga wa kampuni za bima una sababu nyingine pia. Mwaka 2006, katika kesi ya Jones dhidi ya Flowers iliyotoka Arkansas, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali ikimtumia mwenye nyumba barua ya usajili ikarudi bila kupokewa, haiwezi kuiuza nyumba hivihivi. Lazima ijaribu njia nyingine inayowezekana ya kumjulisha. Kwa hiyo barua moja iliyorudi inaweza kuutikisa mnada.

Malipo yetu nayo ni kitendawili. Kwenye mnada wa kodi hakuna muuzaji aliyetenga kamisheni. Mteja anataka nipekue rekodi, nipite mbele ya nyumba usiku kuona kama taa zinawaka, nisimame naye mahakamani, kisha: "Tutaonana tu, dada, usijali." Tumeonana na wachache. Tangu tarehe 17 Agosti 2024 wakala anayetumia mfumo wa pamoja wa matangazo ya nyumba hamwonyeshi mteja nyumba bila mkataba wa maandishi unaotaja malipo yake. Wenzetu wengi waliuona usumbufu. Mimi umeniponya aibu ya kudai, na wateja wa mnada nao nawapa karatasi ileile.

Ila simu iliyonikaa moyoni ilitoka upande wa pili. Mama mmoja, mjane, aliniita "nije nitazame kitu". Akatoa mfuko wa nailoni kabatini, umejaa bahasha za kaunti ambazo hazijafunguliwa. "Nilidhani ni matangazo, mwanangu." Sikuamini, naye alijua siamini. Tulizifungua moja moja mezani, na ya mwisho ilikuwa na tarehe ya mnada.

Nikamkumbuka bibi Geraldine Tyler wa Minnesota. Bibi huyo, aliyekuwa na miaka 94 kesi yake ilipoamuliwa, alidaiwa kodi ya dola 2,300 hivi, ikafika 15,000 kwa riba na gharama. Kaunti ya Hennepin iliuza nyumba yake kwa 40,000 na kubaki na chenji yote. Mei 25, 2023 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu walisema hilo halikubaliki. Texas chenji huwekwa mahakamani, na mwenye nyumba ana miaka miwili ya kuidai. Lakini chenji si nyumba.

Mama yule ana miaka 71, na hilo lilimwokoa. Texas, aliyefika miaka 65 na anaishi katika nyumba yake anaweza kujaza kiapo kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti na kuahirisha kodi, na akikifikisha mapema kwa wote wanaohusika na mnada, mnada unasimama. Wasiofika umri huo wanaweza kuomba kulipa deni la nyumba wanayoishi kwa awamu, mapema, kabla mambo hayajafika mahakamani. Deni la mama halikufutwa. Linakua kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, na litadaiwa baada ya nyumba kuacha kuwa makazi yake.

Wenye wazazi wa umri huo Texas, mkienda kuwasalimu, waulizeni bahasha ziko wapi.