Akishatimiza 18, Nani Anampokea?

Jumamosi moja usiku nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, simu mkononi, natuma hela ya mwezi kwa mama mdogo wangu aliyeko Handeni. Ni kawaida yangu. Elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, halafu nampigia: "Mamdogo, hiyo ni ya mdogo wangu." Siku hiyo mume wangu akaacha mpira wake kwenye TV, akanigeukia.

"Hivi mama mdogo asipokuwepo kesho, hiyo hela utamtumia nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Jibu sikuwa nalo.

Nikwambie ukweli msomaji wangu, niliona aibu. Mdogo wangu huyo ana miaka 24. Alizaliwa na mtindio wa ubongo: mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno yanamtoka polepole. Lakini akili yake timamu kabisa, na kwa habari za Simba na Yanga anamzidi shemeji yake mbali. Pamoja na hayo yote, hakuwa na laini ya simu. Hakuwa na kitambulisho cha NIDA wala akaunti. Miaka sita tangu atimize 18, sisi sote tunaompenda tulikuwa tunaongea naye kupitia kwa mama yake. Na mimi, dada msomi wa mjini, ndiye niliyekuwa wa kwanza.

Wiki mbili baadaye nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi. Chalinze, Mkata, kisha kulia machungwa na kushoto mahindi mpaka Handeni mjini.

KWANI ATAKWENDA WAPI?

Mama mdogo alinipokea kwa furaha na ugali wa nguvu. Tulipomaliza kula nikamuuliza kwa nini mtoto hana kitambulisho. Akanishangaa. "Kitambulisho cha nini mwanangu, kwani atakwenda wapi?"

Usiharakishe kumlaumu. Huyu ni mama aliyembeba mtoto mgongoni kwenda kliniki mpaka mtoto akafika kiunoni mwake. Aliposema tena, sauti ilishuka. "Hospitali waliniambia huyu anataka mazoezi, nikamfanyisha. Shule wakaniambia mlete, nikampeleka. Alipomaliza la saba, hakuna aliyeniambia kitu tena. Mimi nilingoja."

Alingoja! Sentensi hiyo sijaisahau mpaka leo. Mtoto wake hakufukuzwa na mtu. Alifika tu mwisho wa njia ya watoto, na ng'ambo ya pili hapakuwa na mtu wa kumpokea.

Jioni jirani akapita kutusalimia, akamtazama mdogo wangu aliyekaa barazani, akasema kwa wema kabisa: "Ndugu zake wote wazima, ni huyu tu." Hapo nikashtuka na Kiswahili chetu wenyewe. Neno hilohilo, mtu mzima, tunalitumia kwa mtu aliyekua na kwa mtu asiye na kasoro. Kwa hiyo mwenye ulemavu anaweza kufika miaka 24, 34 hata 44, na sisi tukaendelea kumwita "mtoto" bila hata kujisikia.

Wala usidhani ni familia chache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Hapo ofisini kwako, kwenye ukoo wenu, kwenye ule ukumbi wa harusi uliokodi, piga hesabu mwenyewe.

WILAYA MBILI, HALMASHAURI NNE

Asubuhi nilianza kuzunguka. Handeni pana halmashauri ya wilaya na halmashauri ya mji. Ukienda Korogwe, kama kilomita 65 hivi kwa barabara, ni hivyohivyo: wilaya na mji. Jumla halmashauri nne, na kila moja ina ofisi ya ustawi wa jamii, ya maendeleo ya jamii, ya elimu na ya afya. Juu ya hapo kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Handeni, kuna VETA, kuna chuo cha serikali cha ufundi stadi kwa watu wenye ulemavu kule Masiwani, Tanga. Kuna YDCP, shirika la Tanga ambalo jina lake lenyewe limewabeba vijana wenye ulemavu. Kuna vyama vya wenyewe: CHAVITA cha viziwi, TLB cha wasioona, TAS cha wenye ualbino, CHAWATA, na shirikisho lao SHIVYAWATA.

Sasa niambie, hapo tatizo ni uhaba wa ofisi? Hapana. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana kipande chake. Hospitali inajua mguu wa mdogo wangu. Shule inajua mwandiko wake. Ofisi moja niliyoingia ilikuwa na jina lake kwenye orodha ya watoto, na kijana aliyenihudumia akaniambia kwa upole: "Huyu dada ameshatoka kwetu, ni mtu mzima." Nikauliza, basi yuko kwa nani? Akacheka, nami nikacheka, lakini si kwa raha.

Kisheria hakukosea sana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18. Siku ya kuzaliwa ikifika, ulinzi ule unakwisha. Kijana asiye na ulemavu siku hiyo anapita mwenyewe: ana marafiki, ana kibarua, ana mjomba wa kumpeleka mjini. Mwenye ulemavu anahitaji ofisi mbili ziongee kabla siku hiyo haijafika. Zisipoongea, anabaki barazani.

BINTI WA KOROGWE

Afisa mmoja wa ustawi ndiye aliyenifumbua macho. Akaniambia, "Dada, kabla hujakata tamaa nenda Korogwe ukamwone binti mmoja." Nikaenda.

Nilimkuta kwenye kibanda cha fundi cherehani, si mbali na stendi, anapinda mikono ya sare za shule. Ni kiziwi, ana miaka 22. Fundi mwenye kibanda ametundika daftari ukutani kwa wateja wasiojua lugha ya alama, na bei zimeandikwa kwa kalamu nene. Binti akanipima kwa macho, akaandika: "Gauni au sketi?" Nikajikuta nimeagiza sketi ambayo sikuipanga.

Alichokuwa nacho yeye ambacho mdogo wangu hakuwa nacho ni mwalimu mmoja mbishi. Binti alichelewa kuanza shule, akamaliza la saba ana miaka 17. Mwalimu wake hakusubiri amalize. Mwaka mmoja kabla alimwita mama mzazi, akamwita afisa ustawi, akamwita mtu wa chama cha viziwi, na yule fundi. Wakakaa meza moja. Mara ya kwanza walibishana tu. Mara ya pili wakagawana kazi: mama afuatilie cheti cha kuzaliwa, ustawi waandike barua ya chuo, chama kimfundishe fundi alama za msingi, fundi ampokee kwa majaribio wakati wa likizo. Mara ya tatu walikutana kuulizana nani kafanya na nani hajafanya.

Mikutano mitatu, basi. Hakukuwa na mradi mkubwa wala magari yenye nembo mlangoni. Nilipomuuliza mama yake kilichomsaidia zaidi ni nini, hakutaja cherehani. Alisema: "Nilikuwa najua Jumatatu nikiamka nimpigie nani."

Wenzetu wamelifanya hili kuwa lazima. Marekani, sheria ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu inataka mpango wa maisha ya baada ya shule uwe umeandikwa mwanafunzi afikapo miaka 16. England, kwa sheria ya mwaka 2014, mpango mmoja wa elimu, afya na ustawi unaweza kumfuata kijana hadi miaka 25. Siyo kwamba kwao hakuna wanaobaki barazani, wapo. Lakini angalau kuna karatasi inayosema nani anampokea. Kwetu kazi hiyo aliifanya mwalimu mmoja kwa vocha yake mwenyewe.

HAKI ZIPO, ILA ZINADAI KARATASI

Usiniambie Tanzania hatuna sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Ndugu yangu meneja unayesoma hapa, umehesabu ofisini kwako?

Kuna na mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Tangu 2018 imegawanywa hivi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa 2024.

Mdogo wangu anataka kuwa wakala wa kutuma na kutoa pesa, na pembeni achaji simu za watu. Kichwa cha hesabu anacho. Lakini uwakala unataka TIN na leseni, TIN inataka namba ya NIDA, NIDA inataka vielelezo, na hata laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole. Umeona mnyororo huo? Lile swali la mama mdogo, "kwani atakwenda wapi", lilikuwa limefunga milango yote hiyo kwa mpigo. Na wote tulikuwa tunampenda.

NA MAPENZI JE?

Usiku wa mwisho tumekaa nje, mdogo wangu akaniuliza polepole: "Dada, wewe na shemeji mlikutana wapi?" Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo. "Mimi nitakutana na mtu wapi, hapa barazani?"

Gazeti hili kila mwezi tunaandika habari za wachumba, ndoa na mahaba, na sikumbuki hata toleo moja tulilomwandikia yeye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua haki yao ya kuoa, kuolewa na kuwa na familia. Majumbani kwetu tunafanya kinyume. Wa kiume tunamwona hana hisia. Wa kike tunamfungia ndani kwa hofu ya kurubuniwa, na hofu hiyo si ya bure. Lakini binti asiyefundishwa mwili wake ni wake, na kwamba anaweza kusema hapana, kumfungia hakumlindi. Kunamwacha tu bila maneno ya kujitetea.

WEWE NA MWENZI WAKO MFANYE NINI?

Mkiwa na ndugu wa namna hii, na wengi mnaye, kaeni chini leo.

1. Msisubiri 18. Akifika 15 au 16 muulizeni yeye mwenyewe anataka kuwa nani. Msimuulize mama yake kwa niaba yake.

2. Anzeni na karatasi: cheti cha kuzaliwa, kisha NIDA akitimiza umri, kisha laini ya simu kwa jina lake.

3. Tafuteni mtu mmoja wa kushika usukani. Anaweza kuwa mwalimu, afisa ustawi, shangazi, au wewe. Kazi yake ni kuwakutanisha wengine na kuulizia nani kafanya nini.

4. Chama cha wenyewe kiwepo mezani. Wao wamepita njia hiyo tayari.

5. Kama mnatuma hela, mtumieni yeye. Akiitumia vibaya mwezi wa kwanza, hongereni. Hata wewe mshahara wako wa kwanza uliutumia vibaya.

NAMBA MPYA

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yamekwisha. Kibanda cha uwakala bado. Maombi ya mkopo yalirudishwa mara moja kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana, tukairudisha tena, tunasubiri. Yule afisa ustawi amekubali kukutana nasi pamoja na mtu wa maendeleo ya jamii, na safari hii mdogo wangu ndiye atakayeongea. Mama mdogo bado halali mpaka amsikie amerudi kutoka kijiweni.

Lakini NIDA imepatikana, na laini ameisajili kwa kidole gumba cha kushoto. Siku hiyohiyo niko kazini, simu ikalia. Ujumbe kutoka namba nisiyoijua, umeandikwa kwa herufi kubwa tupu:

"DADA HII NDO NAMBA YANGU. USIMPE MAMA."

Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu ofisini wakanigeukia. Jioni nikamwonyesha mume wangu, nikamwambia swali lake lile sasa lina jibu. Akausoma mara mbili, akatikisa kichwa.

"Huyo," akasema, "ameshakuwa mtu mzima."