Hoteli ya nyumba 70 zilizopandana!

Wadau, nilipoiona picha yake hapa kafe nilijua mtu kaichezea kwenye kompyuta. Nyumba karibu 70 zimepandana kama mafungu ya nyanya! Kumbe ni hoteli kweli, inaitwa Inntel, iko mji wa Zaandam karibu na Amsterdam, Uholanzi. Ilifunguliwa 2010, ina ghorofa 12 na vyumba 160.

Aliyeichora ni Wilfried van Winden. Alichukua sura za nyumba za mbao za kijani za eneo lile la Zaan, za wakubwa na za vibarua, akazivisha jengo moja kwa nje. Ndani ni hoteli ya kisasa kama nyingine. Ipo nyumba moja ya bluu, kumbukumbu ya ile aliyoichora Claude Monet huko Zaandam mwaka 1871.

Sasa turudi kwetu Vihingo. Nyumba ya miti, udongo na makuti tunaiona aibu. Ukipata hela, unabomoa, unaweka tofali na bati. Simlaumu mtu, makuti yakivuja usiku nayajua! Lakini Waholanzi hawakurudi kuishi kizamani, walichukua sura tu.

Sisi tutachukua wapi? Kijiji cha Makumbusho pale Dar kimehifadhi nyumba chache za makabila. Ya bibi yangu ilishabomolewa, hata picha moja hatuna.

Kama ya kwenu bado imesimama, ipige picha na uipime kabla ya kubomoa. Au mnasemaje wadau?