Kupima mvua shambani kunavyookoa petroli ya pampu

MKULIMA wa mchicha wa Bunju, Kinondoni, anaweza kusikia redioni kuwa Dar es Salaam imepata mvua kubwa, huku matuta yake ni makavu. Taarifa si ya uongo. Kituo kikubwa cha vipimo kiko Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, zaidi ya kilometa 20 kutoka kwake, na mvua ya jiji hili huchagua: Mbagala inalowa, Bunju jua linawaka.

Dawa yake ni kupima mvua hapo hapo shambani. Vituo vya kiwandani ni ghali, lakini Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), pamoja na vyuo vikuu vya Makerere, Juba na Bergen cha Norway, ilitafuta njia ya bei nafuu katika mradi wa WIMEA-ICT ulioanza mwaka 2013.

Kituo walichobuni kinatumia bodi ndogo za elektroniki. Iliyo mita 10 juu ya mlingoti hupima upepo, ya mita 2 hupima joto na unyevu wa hewa, na ya chini hupima mvua. Zote hutuma vipimo bila waya hadi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi.

Ndani ya kipima mvua mna vijiko viwili vinavyopokezana kama pembea. Kimoja kikijaa kinapinduka, sumaku inapita kwenye swichi, na bodi inahesabu. Aghalabu mpinduko mmoja ni milimita 0.2.

Faida iko kwenye hesabu. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Milimita 10 katika bustani ya mita 10 kwa 20 ni lita 2,000, sawa na ndoo kubwa 100. Mwenye kujua hilo asubuhi hawashi pampu.

Hata hivyo, kituo hiki hakitabiri. Utabiri ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo pia husimamia vituo kwa sheria ya mwaka 2019, hivyo ni vema kuiuliza kabla ya kujenga.

Tena, jani moja likiziba mdomo wa kipimo, bodi itaandika sifuri mvua ikinyesha. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa kando na kupimwa kwa rula, litaufichua uongo huo.